Historia Fupi ya Eneo (Isizidi Mistari Mitatu)

Fomu ya manispaa imeacha mistari mitatu.
Peni imefungwa uzi kwenye mguu wa meza
kama mbuzi mwenye tabia ya kutoroka.
Mtendaji ananiambia: andika tu, Bi Havijawa,
si ulikuwa mwalimu wewe?

Haya.
Mkegani, nyuma ya Chanika, nyumba kumi na moja
ukihesabu na ya Chaurembo, iliyobaki mlango na fremu.
Mashariki, mkorosho wa mpaka.
Magharibi, kijito ambacho kila masika
hukumbuka kwamba ni kijito.

Kulikuwa na mwanamke. Tuanzie hapo.
Akida alikuja kuhesabu vibanda vya kodi ya Mdachi
akamkuta peke yake, jembe begani,
hana mume, hana kaka, hana hata mbwa,
ana rupia tatu kwenye pindo la kaniki.
Akazifungua kwa meno.
Akamhesabia kiganjani, moja, mbili, tatu,
akarudi kwenye mihogo yake.
Akida akamgeukia karani: Mke gani huyu?
Na karani, sijui alikuwa na homa au haraka,
akaandika alichosikia
kwenye safu ya majina ya vijiji.

Jina lake mwenyewe limetupotea.
Mzee Mwinyigoha anasema Sikudhani.
Ng'ambo ya kijito wanaapa ni Mwavua.
Bibi yangu nilipomuuliza alisema aliitwa Bibi, inatosha,
akaendelea kupeta choroko.

Vita ile ya kwanza ilichukua wanaume sita wakabebe mizigo.
Akarudi Kondo, hana kidole gumba cha mguu.
Hakusimulia kitu, ila hakula tena mahindi.

Kisima tulichimba mwaka wa Uhuru, tukakuta maji ya chumvi.
Tukayanywa.
Mpaka leo mgeni akipewa chai Mkegani
hutazama kwanza ndani ya kikombe, halafu usoni mwako.

Mwaka sabini na nne lori lilikuja kabla ya jua,
tukapelekwa kilomita nne, kwenye nyumba za mstari.
Waliotangulia kurudi ni kuku.
Mama akasema anawafuata kuku tu.
Shangazi akamfuata mama.
Ilipofika Ramadhani, kijiji cha mstari kilikuwa na mwenyekiti,
bendera, na mtu mmoja anayeumwa mguu.

(Mistari mitatu imeisha zamani. Nimehamia pembeni,
naandika kwa kupanda, kama mchwa.)

Kisha bikoni. Kijana mwenye kofia ya plastiki
alichomeka ya kwanza kwenye shamba langu la kunde, akaomba maji,
akayanywa yote bila kukunja uso. Nilimpenda kwa hilo.
Kisha kuta, na juu ya kuta chupa zilizovunjwa.
Kisha siku moja tuliamka tukaambiwa
sisi si kitongoji tena, ni mtaa.
Nilitoka nje kutazama.
Palikuwa na umande na nyumba zilezile kumi na moja.

Kaburi lake liko ndani ya kiwanja namba mia na kumi na nane.
Mwenyewe amepanda majani ya kukata kwa mashine.
Si mtu mbaya; hajui tu.
Ijumaa nasimama nje ya geti lake la bluu
nasoma Fatiha nikielekea kwenye tangi la maji,
na mlinzi wake huzima redio.

Pendekezo la jina jipya, wamekwisha kulichapa: Mtaa wa Tumaini.
Nimelikata mstari mmoja. Mmoja tu, nisichafue.

Mtendaji anasoma taratibu, kidole kikifuata maandishi
mpaka kwenye kisanduku cha muhuri, nako nimejaza.
Anasema si neno, muhuri utapigwa juu yake.
Halafu anakuna shingo, ananitazama.

Lakini Bi Havijawa, huyu mama,
alikuwa mke wa nani?